Data Kubwa na Ubora wa Ujenzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na wahandisi wa saiti, mafomeni, wakadiriaji majenzi na wenye majengo kila mazungumzo ya data yanapoanza. Yanaanza na misingi na kuishia kwenye hali ngumu. Zege limepewa nafasi kubwa kwa makusudi: ndilo linalotoa namba nyingi zaidi kwenye saiti za kwetu, na likishakauka linaficha kila kosa lililofanyika ndani yake.

## Misingi

1. Data kubwa kwenye ujenzi ni kitu gani hasa?

Ni kumbukumbu nyingi za aina mbalimbali, zinazoingia haraka kiasi kwamba mtu mmoja mwenye daftari hawezi kuziona zote kwa pamoja. Kuna majibu ya kyubu (vipande vya mchemraba vya zege vinavyopasuliwa maabara kupima nguvu), tiketi za malori ya zege, picha, joto linalosomwa na vihisi, vipimo vya wapima ardhi, mahudhurio, malipo na hali ya hewa. Nyingi ya hizi tayari zinapita saitini kila siku. Zinakosa kukutana tu. Jibu la kyubu likiwa peke yake linakueleza zege lilikuwa na nguvu kiasi gani. Likikutana na tiketi ya lori, saa ya kumwaga, jina la nguzo na mvua ya siku ile, linaanza kukueleza sababu.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko kompyuta. Mwaka 1918, Duff Abrams wa Chicago alichapisha matokeo ya majaribio yapatayo 50,000 ya zege. Humo ndimo ilimotoka kanuni kwamba, kwa vifaa vilevile, nguvu ya zege huamuliwa na uwiano wa maji na saruji. Kila fomeni anayemfokea kibarua aache kuongeza ndoo ya maji kwenye mikisa anatumia data ile, ajue asijue.

2. Nina saiti moja tu ya ghorofa nne. Mambo haya yananihusu?

Kwa saiti moja, data zako ni ndogo, na hakuna sababu ya kuzipa jina kubwa. Kyubu mia kadhaa hazimshindi mtu mwenye Excel. Ukubwa unaanza pale kampuni inapounganisha saiti zake zote za miaka mitano, au kiwanda cha zege kinapounganisha wateja wake wote, au halmashauri inapounganisha vibali vyake vyote.

Linalokuhusu ni kuandika kwa namna ambayo saiti yako ya pili itaweza kuungana na ya kwanza. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kutaja nguvu ya zege, saiti hii inaandika “C25”, ile inaandika “C25/30”, ya tatu inaandika “1:2:4” (saruji, mchanga, kokoto) na kuishia hapo. Katika “C25/30”, namba 25 ni nguvu ya silinda na 30 ni ya kyubu. Kwa hiyo “C25” ya saiti moja na “C25/30” ya nyingine huenda si zege lilelile. Ukizichanganya kwenye jedwali moja, umetengeneza upuuzi wenye desimali mbili.

3. Hii si ndiyo BIM?

Hapana, ingawa zinasaidiana. BIM, yaani modeli ya kidijitali ya jengo, inakueleza kitu kipo wapi na kilikusudiwa kiweje. Data za ubora zinakueleza nini kilitokea siku ya kukijenga. Uingereza ilianza kudai BIM kwenye miradi ya serikali kuu Aprili 2016, na faida yake moja kubwa ni kwamba kila nguzo inapata anwani. Kama huna BIM, gridi ya michoro inakupa anwani hiyo bure: “nguzo C4, ghorofa ya 2”.

## Kukusanya

4. Nianze kurekodi nini?

Anza na ukurasa mmoja kwa kila umwagaji wa zege. Uwe na namba ya pekee ya umwagaji, sehemu kwa gridi na ghorofa, saa ya kuanza na ya kumaliza, namba ya tiketi ya lori au idadi ya mifuko ya saruji na chapa yake, slampu (milimita ambazo zege bichi linashuka koni ya kipimo ikiondolewa), joto la zege, aliyekagua nondo, na namba za kyubu zilizochukuliwa. Mwisho acha nafasi ya kuandika kwa mkono kilichoharibika: mikisa ilizimika, mvua ilinyesha, mashine ya kutikisa zege ilikuwa moja badala ya mbili.

Kitu kimoja hakina mjadala: namba ya umwagaji iandikwe juu ya kyubu yenyewe, kwenye fomu ya maabara, kwenye picha na kwenye daftari la saiti. Nimeona makabati yaliyojaa ripoti za maabara zenye mihuri yote, na sehemu ya mahali imeandikwa “slabu”. Slabu ipi? Jengo lilikuwa na tisa.

Usidharau saa. Umwagaji uliosimama dakika tisini katikati ya bimu, kwenye joto la Dar es Salaam la Februari, unaweza kuacha mshono ambao kyubu hazitauonyesha kamwe. Saa kwenye fomu itauonyesha.

5. Lazima ninunue vihisi, droni na programu za bei kubwa?

La. KoboToolbox na ODK zinakuwezesha kutengeneza fomu, kuijaza kwa simu ya kawaida ya Android hata pasipo mtandao, na kutuma baadaye simu ikipata intaneti. Mradi wa ghorofa nne hauhitaji zaidi ya hapo kwa upande wa kukusanya.

Vihisi vina mahali pake (swali la 11). Droni ni nzuri kwa kupima kiasi cha udongo uliochimbwa, kukagua paa, na kulinganisha maendeleo ya wiki kwa wiki. Ila haioni nondo ndani ya bimu, na kuirusha kunahitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga, Tanzania na Kenya vilevile. Nina shaka na saiti inayomiliki droni wakati koni yake ya slampu imebonyea.

6. Picha zote tunatuma kwenye kundi la WhatsApp. Hazitoshi?

Zinatosha kumtuliza bosi. Hazitoshi kuwa kumbukumbu. WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani yake, zikiwemo za mahali ilipopigwa. Kisha picha ya nondo za nguzo inakaa katikati ya salamu za asubuhi na pongezi za harusi, na baada ya miezi sita hakuna wa kuipata.

Piga picha ndani ya fomu, ukiwa umeshika kibao chenye namba ya umwagaji, na tepu ikiwa imelazwa juu ya nondo ili nafasi kati ya ringi isomeke. Picha yenye thamani kuliko zote ni ile ya dakika kumi kabla ya zege: ringi, viungio, na biskuti (vipande vidogo vya zege) zinazoshikilia kava, yaani unene wa zege unaofunika nondo. Baada ya hapo hakuna jicho litakaloziona tena.

7. Mafundi hawataki kujaza fomu, au wanazijaza zote Jumamosi jioni. Nifanyeje?

Kwanza hesabu maswali kwenye fomu yako. Yakizidi kumi na tano, kosa ni lako. Pili, acha simu iandike saa yenyewe. Fomu ishirini zilizojazwa Jumamosi kati ya saa kumi na moja na saa kumi na moja na nusu zitajieleza.

Sababu kubwa, hata hivyo, huwa si uvivu. Fomeni mmoja aliniuliza, “Injinia, hizi namba unazopeleka ofisini, zinarudi lini?” Sikuwa na jibu. Kwa miezi mitano alikuwa ametuandikia slampu na saa, na mara pekee aliyosikia habari zake ni siku aliyokatwa posho kwa slampu iliyozidi. Tangu siku ile kila slampu yake ilikuwa 75. Tuliifurahia sana ile 75.

Mtu akiadhibiwa kwa kuandika ukweli mbaya, ataandika uongo mzuri, nawe utauona uongo huo kama ubora. Zirudishe namba: Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, mwonyeshe kila fomeni umwagaji wake wa wiki mbili zilizopita na majibu yake ya kyubu. Atakayeripoti lori bovu kabla halijamwagwa ashukuriwe mbele za watu. Adhabu ibaki kwa aliyeficha.

## Kusoma namba

8. Kyubu zetu zote zimefaulu. Kwa nini nihangaike zaidi?

Kwa sababu kufaulu na kufeli ni habari mbili tu, wakati namba zenyewe zina nyingi. Tuseme saiti mbili zinamwaga zege la nguvu bainifu ya 25 N/mm², na wastani wa kyubu zao ni 30 kote kuwili. Saiti ya kwanza majibu yake yanakaribiana, mkengeuko sanifu (kipimo cha kutawanyika kwa majibu) ni 3. Ya pili yanarukaruka, mkengeuko ni 6.

Nguvu bainifu ni ile ambayo asilimia 5 tu ya majibu yanatarajiwa kuwa chini yake, na hukadiriwa kwa kutoa mkengeuko mara 1.64 kutoka kwenye wastani. Saiti ya kwanza: 30 kutoa 4.92, ni 25.08. Imepita kwa kugusa. Ya pili: 30 kutoa 9.84, ni 20.16. Haijakaribia. Wastani ni mmoja, majengo ni mawili tofauti kabisa, na kyubu chache za mwanzo zingeweza kufaulu kote kuwili.

Kuna pesa hapa pia, na hili huwashtua wenye makampuni kuliko habari za usalama. Saiti ya pili, ili iwe salama bila kubadili tabia zake, inabidi ilenge wastani wa karibu 35; ya kwanza inatosheka na 30. Tofauti hiyo ya 5 inanunuliwa kwa saruji, kila mita ya ujazo, mradi mzima. Kupunguza kurukaruka (kupima mchanga kwa uzito badala ya karai lililojaa au lililopungua, kudhibiti maji, kutikisa zege ipasavyo) ni rahisi kuliko kununua saruji ya kufidia uzembe.

9. Nitajuaje majibu yamepikwa?

Namba za kupikwa huwa nadhifu kupita kiasi. Angalia mambo haya, nami ningeanza na uzito.

Kyubu ya milimita 150 ina ujazo wa mita za ujazo 0.003375. Zege la kawaida lina takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kyubu nzima inapaswa kuwa karibu kilo 8.1. Kyubu halisi zinatofautiana: 8.02, 8.17, 7.95. Ukikuta rejesta yenye 8.1, 8.1, 8.1 kwa kurasa tatu mfululizo, mizani haikuguswa. Kinyume chake, kyubu ya kilo 7.7 inakupa kilo 2,281 kwa mita ya ujazo, na hiyo ni dalili kwamba ina hewa ndani, haikushindiliwa vizuri. Hewa si jambo dogo: asilimia 5 ya matundu inaweza kuondoa karibu asilimia 30 ya nguvu.

Kisha tazama mzigo wa kupasulia. Kyubu ya 25 N/mm² inapasuka kwenye kilonyutoni 562.5. Tarakimu za mwisho za mizigo halisi husambaa. Mpishi hupenda 0 na 5. (Hakikisha kwanza kwamba mashine yenyewe haina mshale unaosomwa kwa hatua za 5, usije ukamsingizia fundi wa maabara.) Tazama pia kama majibu hayajawahi kushuka chini ya kiwango hata mara moja kwa mwaka mzima huku yakilala juu yake kidogo tu. Zege halina adabu ya namna hiyo.

Mwisho, linganisha tarehe. Kyubu ya siku 28 iliyopasuliwa Jumapili ya Pasaka, katika maabara inayofungwa Jumapili, inastahili simu moja. Hakuna kipimo kati ya hivi kinachothibitisha wizi. Vinakuonyesha pa kwenda kusimama siku inayofuata kyubu zinapopasuliwa.

10. Kusubiri siku 28 ni kuchelewa. Kyubu za siku 7 zinaweza kunionya mapema?

Zinaweza, kama una historia. Kwa saruji ya kawaida, nguvu ya siku 7 huwa karibu theluthi mbili ya ile ya siku 28, lakini uwiano huo unabadilika na aina ya saruji, na saruji nyingi za sokoni leo zina pozolana au majivu yanayochelewesha nguvu ya mwanzo. Kwa hiyo tengeneza uwiano wako mwenyewe kutoka kwenye jozi za 7 na 28 ulizokwisha kupata kwa chapa hiyohiyo.

Halafu usisome kyubu moja moja. Kila jibu jipya litoe kwenye wastani uliokusudiwa, na ujumlishe tofauti hizo mfululizo. Njia hii ya kujumlisha ilipendekezwa na E. S. Page mwaka 1954 na imetumika sana na viwanda vya zege Uingereza. Kyubu moja ikishuka kwa 1 N/mm² hakuna wa kuamka. Kumi mfululizo zikishuka kwa 1, jumla ni 10, mstari unainama, na unajua kitu kimebadilika karibu na tarehe fulani: shehena mpya ya saruji, machimbo mapya ya mchanga, au fundi mpya kwenye mikisa. Kila kyubu kati ya hizo kumi huenda ilifaulu.

11. Vihisi vya joto ndani ya zege vinasaidia nini?

Zege hupata nguvu haraka likiwa na joto na polepole likiwa baridi. Ukijua joto lake saa kwa saa, unaweza kukadiria nguvu yake bila kupasua kitu. Kiwango cha Marekani cha ASTM C1074 kinaeleza namna. Faida yake kubwa ni uamuzi wa kutoa mirunda, ambao mara nyingi hufanywa kwa kuhesabu siku kwenye kalenda na kusikiliza nani ana haraka ya mbao. Kwenye misingi minene vihisi vina kazi ya pili: kuangalia joto la katikati lisizidi 70 °C, na tofauti ya katikati na pembeni isipasue zege.

Tahadhari mbili. Makadirio hayo hulingana na mchanganyiko uliopimwa maabara tu. Ukibadili saruji, pima upya. Pia kihisi husoma joto. Kibarua akimwaga ndoo mbili za ziada, kihisi kitaendelea kukupa namba nzuri bila wasiwasi wowote. Kyubu na slampu bado zinahitajika.

12. Je, kwa barabara na udongo?

Huku data kubwa imekomaa kuliko kwenye majengo. Njia ya kawaida ni kuchimba vitundu vichache kwenye tabaka na kupima msongamano, mathalani kudai asilimia 95 ya ule wa maabara. Shindilia lenye kipima mtikisiko kwenye ngoma na GPS, teknolojia iliyoanzia Sweden miaka ya 1970, husoma ugumu wa tabaka kila linapopita na kuchora ramani ya eneo lote.

Namba zake si msongamano, na unyevu unazibadilisha, kwa hiyo vitundu vinabaki. Kinachobadilika ni nani anachagua pa kuchimba. Zamani mkandarasi alikuonyesha kwa ukarimu mahali pazuri. Sasa ramani inakuonyesha pale palipo laini, na unachimba hapo.

13. Akili mnemba inaweza kutabiri nguvu ya zege langu?

Inaweza kutabiri zege la mtu mwingine. Kuna mkusanyo maarufu wa sampuli 1,030 uliotolewa na I-Cheng Yeh wa Taiwan, ambao wanafunzi wa dunia nzima huufanyia mazoezi ya kufundisha kompyuta. Usahihi wanaoupata hupendeza. Mfumo uliofundishwa kwa vifaa vya kule haujui chochote kuhusu mchanga wako wa mtoni wenye tope wala kokoto zako.

Ukiwa na miaka mitatu ya rekodi safi kama za swali la 4, jambo linabadilika, na hata hapo ningeanza na matumizi ya chini: kuchambua picha kuona sehemu zisizo na biskuti, au kuorodhesha umwagaji unaofanana na ule uliowahi kufeli ili mkaguzi aanzie huko. Mkaguzi ana masaa manane. Kumsaidia achague pa kwenda ni faida ya kutosha.

## Mikataba, sheria na watu

14. Data za mradi ni mali ya nani?

Ni mali ya yule aliyetajwa kwenye mkataba, na mara nyingi hatajwi yeyote. Maabara inasema ni za mteja wake, mteja wake ni mkandarasi, mwenye jengo anapewa nakala iliyopigwa picha kwa simu. Andika mapema kwamba majibu yote yawasilishwe kwa mwajiri na mhandisi mshauri moja kwa moja kutoka maabara, siku ileile, katika jedwali linaloweza kuchambuliwa. Ripoti yenye muhuri iendelee kuwepo kwa ajili ya saini. Weka pia gharama hiyo kwenye mchanganuo wa zabuni. Kazi isiyolipiwa hulipuliwa.

15. Tunachukua alama za vidole na mahali walipo vibarua. Kuna tatizo?

Lipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Alama ya kidole ni taarifa nyeti. Kusanya inayohitajika tu, mweleze mhusika kwa lugha anayoielewa, na usiichanganye na data za ubora pasipo lazima. Kujua timu iliyofunga nondo za C4 kunatosha kwa ubora; kujua kibarua alikwenda chooni mara ngapi hakuongezi nguvu ya nguzo.

16. Data zingezuia majengo kuporomoka?

Baadhi. Tuwe waangalifu hapa. Dar es Salaam ilipoteza watu 36 jengo la ghorofa 16 lilipoanguka katikati ya mji 29 Machi 2013, na ikarudi kuchimbua vifusi Kariakoo 16 Novemba 2024. Majengo huanguka kwa sababu nyingi: ghorofa kuongezwa juu ya msingi usiohesabiwa kwa mzigo huo, kuchimba kando ya jengo la jirani, mirunda kutolewa mapema, zege duni. Kyubu zinahusika na hiyo ya mwisho tu.

Kwa ghorofa za ziada, data inayofaa iko ngazi ya jiji: kibali kinasema ghorofa sita, picha za setilaiti au droni zinaonyesha kivuli cha ghorofa tisa. Kulinganisha vitu hivyo kwa maelfu ya viwanja kila mwezi ni kazi ambayo kompyuta inaifanya vizuri na wakaguzi wachache hawawezi. Ila mtu lazima aende, na awe na mamlaka ya kusimamisha kazi.

Edinburgh, Scotland, inafundisha upande mwingine. Januari 2016, upepo uliangusha ukuta wa takriban tani 9 kwenye shule ya msingi ya Oxgangs. Hakuna aliyeumia kwa kuwa watoto walikuwa hawajafika. Shule 17 zilifungwa. Uchunguzi ulioongozwa na John Cole ulionyesha kwamba vyuma vya kuunganisha kuta mbili havikuzama vya kutosha kwenye ukuta, na usimamizi ulikuwa dhaifu. Majengo yale yalikabidhiwa yakiwa na makaratasi. Picha moja ya kila ukuta kabla haujafunikwa ingesema zaidi ya saini zote zile.

## Hali zisizo za kawaida

17. Namba zinasema sawa, fundi wa miaka thelathini anasema si sawa. Nimwamini nani?

Simamisha umwagaji na pima tena mbele yake. Fundi anaposema “zege hili halina mafuta” ana maana ya kitu alichokiona: kokoto zinajitenga, uji haupandi. Slampu inaweza kuwa ndani ya kiwango na mchanganyiko ukawa umepungukiwa mchanga. Neno lake liingie kwenye fomu kama data, na jina lake pembeni.

18. Kyubu za siku 28 zimefeli, na tumeshapanda ghorofa mbili juu. Sasa?

Usivunje, na usifiche. Anza maabara: kyubu inapaswa kupasuliwa ikiwa imelazwa ili uso uliopakwa kwa mwiko uwe ubavuni, na ikivunjika vizuri inaacha umbo la piramidi mbili. Ikipasuka upande mmoja, jaribio lenyewe huenda ndilo bovu. Namba ya umwagaji inakuonyesha hasa ni nguzo zipi zinahusika, badala ya “ghorofa ya pili yote”. Hapo ndipo fomu ya swali la 4 inapojilipa yenyewe.

Kisha kata sampuli kwenye muundo wenyewe kwa maelekezo ya mhandisi wa miundo. Kanuni ya Marekani ya ACI 318 hukubali zege ikiwa wastani wa sampuli tatu ni angalau asilimia 85 ya nguvu iliyotakiwa na hakuna iliyo chini ya 75. Mkataba wako unaweza kufuata kanuni nyingine. Wakati unasubiri, ghorofa ya tatu isubiri pia.

19. Nimerithi mradi usio na rekodi yoyote.

Zianzishe kuanzia ulipoukuta, na usibuni za nyuma. Nyundo ya Schmidt, inayogonga uso wa zege na kupima ugumu wake kwa jinsi inavyodunda, itakupa ramani ya haraka ya wapi ni dhaifu kuliko kwingine, lakini zege la zamani hugumu usoni kwa kaboni ya hewani na kuidanganya nyundo, hivyo ilinganishwe na sampuli chache za kukatwa. Kifaa cha kusaka nondo kitakuambia kava na nafasi kati ya nondo. Tiketi za zege na hati za malipo za aliyekutangulia mara nyingi bado zipo kwa mhasibu. Tarehe na kiasi vilivyomo vinaweza kuunda upya nusu ya historia.

20. Rekodi zitunzwe kwa muda gani, na wapi?

Kwa muda wote jengo litakaposimama. Kipindi cha matazamio kinapoisha, mkandarasi hufunga faili, na hapo ndipo jengo linaanza maisha yake. Baada ya moto wa Grenfell Tower, London, ulioua watu 72 tarehe 14 Juni 2017, uchunguzi wa Judith Hackitt ulisisitiza “uzi wa dhahabu” wa taarifa unaofuata jengo tangu kusanifiwa hadi matumizi, na sheria ya Uingereza ya 2022 ikaulazimisha kwa majengo marefu.

Kwa saiti yako: nakala tatu, moja kwa mwenye jengo, moja kwa mhandisi mshauri, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni isiyotegemea akaunti binafsi ya mtu. Hifadhi majedwali kama CSV (faili la maandishi matupu) ili yafunguke hata programu uliyotumia ikifa. Chapisha ukurasa mmoja wenye orodha ya umwagaji wote na majibu yake, uuweke pamoja na michoro kwenye chumba cha umeme cha jengo, ndani ya mfuko wa nailoni.